Kiyoyozi cha Sahihi Kumi na Nne

Dokta aliingia maabara Jumanne asubuhi bila hata salamu, akaweka karatasi mbili juu ya meza ya chuma, na Bi Vikombe akajua palepale kwamba moja inamhusu. Mtu akikaa mahali pamoja miaka kumi na tisa hujifunza kusoma karatasi ingali imefunikwa.

"Seli zako zinavuja, mama," Dokta alisema.

"Zangu mimi?"

"Zako. Hebu tazama." Akageuza karatasi ya kwanza. "Hizi ni namba za jana. Safu ya kwanza, ambayo haikutiwa dawa: mia tatu na kumi. Wewe mwenyewe umeandika kwenye daftari lako kwamba ukuta mzima husoma mia nne. Safu ya pili, dawa kidogo: mia tatu na sabini. Safu ya tatu, dawa nyingi: mia nne arobaini. Unaona? Inapanda kama ngazi! Dawa yangu inaziba yale ambayo mikono yako imetoboa."

Alisema hivyo huku macho yanang'aa, maana alikuwa mtu aliyekuta alichokuwa anakitafuta. Hakuwa mtu mbaya. Miezi minne tu tangu atoke masomoni, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni, na Alhamisi wageni walikuwa wanakuja kusikia habari za hiyo ngazi yake. Lakini furaha ya mkubwa ina tabia ya kutafuta mdogo wa kumkanyaga, na karatasi ya pili ilikuwa barua. Kuanzia Jumatatu ijayo, Bi Vikombe angehamia chumba cha kuosha vyombo, "hadi hapo ustadi wake wa mikono utakapothibitishwa upya." Chini palikuwa na mstari wa kutia sahihi.

"Weka sahihi hapo, ni utaratibu tu," Dokta alisema.

"Siweki."

"Mama, ni kuonyesha kwamba umeipokea."

"Nimeipokea, nimeiona, ninaishika hii hapa. Lakini sahihi yangu mara ya mwisho ilileta kiyoyozi kile," akaelekeza kidevu ukutani. "Siitoi ovyo."

Hapo sharti msomaji aambiwe vikombe ni nini, kwa sababu jina la mtu halianguki kutoka mbinguni. Ni vikombe vidogo vya plastiki, mdomo wake haupiti ukucha wa kidole gumba. Kitako chake si kigumu. Ni utando mwembamba wenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Kila kikombe kinaning'inia ndani ya kishimo cha sahani, vishimo kumi na viwili, safu tatu za vinne vinne, na maji ya lishe yako ndani ya kikombe na nje yake. Juu ya utando huo Bi Vikombe hupanda seli za utumbo. Siku ya kwanza zimetawanyika kama watu waliofika mapema kwenye mkutano. Kufika siku ya ishirini na moja zimebanana bega kwa bega, hakuna pa kupenya, na hapo mtu anakuwa na ukuta wa utumbo ndani ya kikombe. Ukitaka kujua kama ukuta ni mzima, unachukua mita yenye njiti mbili, moja ndefu na moja fupi. Ndefu inashuka nje ya kikombe, fupi inaingia ndani, umeme unapitishwa. Ukipita kwa shida, namba inakuwa kubwa, ukuta mzima. Ukipita kwa urahisi, namba inashuka, pana mwanya.

Siku ishirini na moja za kubadilisha lishe, Jumapili na sikukuu, awe na mafua au hana, ncha ya pipeti, kile kirija cha kunyonyea na kumiminia maji, ikigusa pembeni tu, kamwe isiguse utando. Wasomi wanne walikuwa wamepanda vyeo kwa vikombe hivyo. Wote wanne walimalizia maandiko yao kwa herufi ndogo: tunawashukuru watumishi wa maabara. Watumishi! Kama mtu anavyoshukuru hali ya hewa. Bi Vikombe hakuwahi kulalamika kwa sauti. Aliandika. Alikuwa na daftari la jalada jekundu, na humo mlikuwa na namba za kila sahani upande wa kulia, na upande wa kushoto maneno aliyoambiwa, nani kayasema, saa ngapi. Jumanne hiyo akaandika: *Mikono yangu inatoboa. Dokta. Saa mbili na dakika kumi.* Akapiga mstari chini, mara mbili.

Nyumbani hakusema kitu mpaka kesho yake asubuhi, mezani, akiwa na wifi yake. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, alikuja kukaa wiki mbili na sasa ulikuwa mwaka wa sita, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwa sababu yeye ndiye aliyepika.

"Wanakupeleka kuosha vyombo?" wifi aliuliza, akimimina uji kwenye mabakuli matatu. "Na hapa nyumbani sijakuona ukiosha hata kijiko!"

"Wifi, usinichekeshe, nina hasira."

"Hasira na uji haviliwi pamoja. Kula kwanza."

Mume hakuwepo mezani. Alikuwa fundi bomba, na kila asubuhi alipoteza spana ileile na kuitafuta nyumba nzima huku akiwatuhumu watu. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kula nusu alipotokea, spana mkononi, akaketi, akatia kijiko, akakunja uso.

"Dada, kwa nini mimi kila siku unanipa uji mzito? Nyie mnakunywa, mimi natafuna."

"Nakupa mzito?" Wifi aligeuka na mwiko. "Umetoka sufuria moja, upawa mmoja, dakika moja! Uji ni uleule, mdogo wangu. Aliyechelewa ni wewe. Umepoa ukikusubiri."

Bi Vikombe alikuwa amepeleka kijiko mdomoni. Kikabaki hapo.

"Wifi, hebu rudia."

"Nirudie nini? Huyu ndugu yangu namwambia kila siku, hajirekebishi."

"Uji ni uleule," Bi Vikombe alisema taratibu. "Wa mwisho ndio umepoa."

Safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu. Sahani inatoka kwenye kabati la joto ikiwa na joto la mwili wa mtu. Dokta hana subira ya kuiacha itulie kama afanyavyo Bi Vikombe, anaanza kupima papohapo. Kikombe kimoja, anaandika, anapangusa njiti, kikombe cha pili, anaandika. Mpaka afike safu ya tatu, robo saa imepita. Na meza yenyewe iko wapi? Chini ya kiyoyozi! Kinachobeba umeme kwenye yale maji ni chumvi, na chumvi kwenye baridi hutembea kivivu. Maji yakipoa, namba inapanda, na hakuna dawa iliyofanya lolote. Ngazi yote ya Dokta ilikuwa uji wa kuchelewa.

Mumewe alikuwa bado anatafuna. "Mimi mtu akiniambia bomba langu linavuja," alisema, "namwambia kitu kimoja tu. Nionyeshe tundu."

"Nitamwonyesha," mkewe akasema, akainuka, akambusu wifi kichwani, jambo ambalo halikuwahi kutokea miaka sita.

"Na mimi je?" mume akauliza.

"Wewe wahi kesho."

Kitu kimoja tu kilimsumbua njiani. Kile kiyoyozi kilikuwa chake. Si cha kununua, cha kupigania. Miaka mitatu watu wa maabara walikuwa wakitoka jasho mpaka glavu zinajaa maji, na ofisi ikijibu kwamba suala linashughulikiwa. Yeye ndiye aliyeandika maombi, akayapitisha mlango kwa mlango, akakusanya sahihi kumi na nne, akaenda nayo ofisini mara saba. Ana tarehe zote saba. Kiyoyozi kilifungwa mwezi uliopita, na siku kilipowashwa watu walipiga makofi. Mafundi walikifunga mahali palipokuwa na waya, yaani juu ya meza ya vipimo, na hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Hata yeye.

Kwa hiyo alipitia kwanza chumba cha kuosha vyombo, kwa Mama Sabuni.

Mama Sabuni alikuwa mwanamke mpana wa mabega na wa sauti, na kila saa nne alikuja kusimama chini ya kiyoyozi kwa dakika kumi, mikono imenyooshwa, kama nguo kwenye kamba. Alimsikiliza Bi Vikombe mpaka mwisho. Kisha akaweka brashi chini.

"Yaani unataka kwenda kumwambia bosi kwamba kiyoyozi ndicho chenye makosa."

"Nakwenda kumwambia ukweli."

"Ukweli utaondoka na kiyoyozi chetu! Shoga, hao watu unawajua. Ukiwaambia meza ni ya baridi, hawatahamisha meza. Watazima mashine, watakupongeza na mwezi huohuo itaonekana ofisini kwa mkubwa. Miaka mitatu! Mimi nilisaini mara mbili!"

"Ulisaini mara mbili?"

Mama Sabuni akatazama brashi. "Moja yangu. Moja ya mume wangu."

"Mume wako hafanyi kazi hapa."

"Anatoka jasho pia."

"Kwa hiyo zilikuwa kumi na tatu." Bi Vikombe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimejisifu mwezi mzima kwa sahihi kumi na nne."

Walitazamana, kisha kicheko kikawatoka wote wawili kwa pamoja, kile cha tumbo, mpaka mlinzi akachungulia kuuliza kama kuna aliyeumia.

"Sikiliza," Bi Vikombe alisema, akijifuta macho. "Mashine haiondoki. Hiyo niachie mimi. Lakini nikinyamaza, Jumatatu niko hapa na wewe, tunagombania brashi. Na Alhamisi yule kijana anasimama mbele ya wageni na dawa isiyofanya kitu, halafu siku moja mtu mwenye tumbo linaloumwa kweli anaimeza. Nataka shahidi. Nataka mtu wa kusoma mita kwa sauti, asiyeongeza wala kupunguza namba, asiyeogopa mtu."

Mama Sabuni alikuwa tayari anavua aproni. "Hiyo ya mwisho ndiyo sifa yangu."

Dokta aliwakuta wamesimama kando ya kabati la joto kama wasimamizi wa harusi. Nyuma yao, mlangoni, mlinzi na mtunza stoo walikuwa na shughuli ya ghafla hapohapo.

"Umeleta barua?" Dokta akauliza.

"Ninayo. Nitaitia sahihi mbele yako, kwa wino, baada ya kitu kimoja. Pima sahani ileile ya juzi. Wewe mwenyewe, mita yako, mikono yako isiyotoboa. Lakini leo anza na safu ya tatu, umalizie na ya kwanza. Mama Sabuni asome, mtunza stoo aandike."

"Kwani kuna tofauti gani nikianza juu au chini?"

"Ndiyo maana nimekuomba. Kama hakuna tofauti, hujapoteza kitu."

Dokta akafungua kabati la joto. Akatoa sahani, akaiweka mezani chini ya upepo wa baridi, akazamisha njiti kwenye kikombe cha kwanza cha safu ya tatu.

"Mia tatu na kumi na mbili!" Mama Sabuni alitangaza kwa sauti ya kuuzia samaki.

Dokta akaitazama mita. Akapangusa njiti, akarudia. Mia tatu kumi na tano. Akaendelea. Hiyo ndiyo safu ya dawa nyingi, ile ya mia nne arobaini. Safu ya pili ikaja na mia tatu sitini na nane, sabini, sabini na tano. Alipofika safu ya kwanza, ile isiyo na dawa, ile inayovuja, ile ya mikono mibaya, Mama Sabuni alivuta pumzi na kusoma kila tarakimu kana kwamba ni yeye aliyeizaa.

"Mia nne! Arobaini! Na tano!"

"Zinavuja kuelekea juu siku hizi," mlinzi akasema kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe," Bi Vikombe akamwambia, bila kuondoa macho kwa Dokta.

Dokta akaweka njiti chini. Akaigusa sahani kwa nyuma ya mkono. Kisha akainua kichwa polepole mpaka uso wake ukapokea ule upepo wote, na nywele zake chache za mbele zikapepea.

"Ni baridi," alisema.

"Uji ni uleule," Bi Vikombe akasema. "Umechelewa kuunywa."

Hakumwonea. Aliibeba sahani ya akiba, ile anayoipanda daima pembeni, yenye vikombe viwili vya ziada, maana amewahi kufanya kazi na wasomi wanne. Akaenda nayo chumba cha pili, kisicho na upepo, pamoja na ile ya kwanza, na wote wakakaa nusu saa wakisubiri joto litulie, Dokta akiwa juu ya kiti cha mtunza stoo, Mama Sabuni akimweleza maradhi ya mguu wake. Walipopima tena, hakukuwa na ngazi. Mia tatu tisini na nane, mia nne na mbili, mia nne. Safu tatu zilizolingana kama meno ya mtoto aliyetunzwa. Dawa ya Dokta haikuwa imeziba kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuziba.

"Sasa," Bi Vikombe alisema, "uliniambia natoboa. Acha nikuonyeshe mimi nikitoboa inakuwaje."

Akachukua pipeti, akateremsha ncha kwenye kikombe kimoja cha akiba, na mbele ya macho yao akasukuma. Siku ishirini na moja za kazi, na alisikia maumivu kidogo, kama mtu anayepasua puto la mtoto. Dokta akapima mwenyewe.

"Mia moja na ishirini," Mama Sabuni alisema, safari hii taratibu.

"Kikombe kisicho na seli hata moja ni mia moja na kumi. Hilo ndilo tundu langu, Dokta. Siku nikitoboa, huhitaji ngazi kuliona."

Dokta akakitazama kikombe kilichotobolewa. Kisha Dokta akaanza kucheka. Alianza kwa pua, kama mtu anayejizuia, halafu kicheko kikamshinda, akashika ukuta. "Ningesimama Alhamisi," alisema, "mbele ya wageni wote wale, nikawaeleza kwamba nimegundua kiyoyozi!"

"Ungeshangiliwa. Sisi tulipokigundua tulipiga makofi."

"Mama, nisamehe. Nilikukosea, na nilikukosea kwa maandishi. Nipe ile barua niichane."

Bi Vikombe akaitoa mfukoni, lakini hakumpa. Aliigeuza. Nyuma yake palikuwa peupe, karatasi nzuri nene ya ofisi.

"Barua kama hii haichanwi," alisema. "Inatumika. Kesho utawaambia wageni nini?"

"Nitawaambia tulidhani inafanya kazi, na nani aliyeonyesha kwamba haifanyi. Kwa jina. Si watumishi wa maabara. Jina."

Bi Vikombe alitoa daftari jekundu, akatazama saa ya ukutani, akaandika. Dokta akanyoosha shingo kusoma.

"Unaandika nini?"

"Ulichosema na saa uliyosema. Usijali, huu ni ukurasa wa maneno mema, haujajaa sana."

"Basi nikawaambie ofisi wazime hii mashine mara moja," Dokta alisema waliporudi chumba cha kwanza, na tayari alikuwa na simu mkononi, kijana mwema mwenye haraka.

Mlango mzima ulipiga kelele. Mama Sabuni alisimama mbele ya kiyoyozi, mikono imetandazwa. "Labda unizime mimi!"

"Mashine ina miguu?" Bi Vikombe aliuliza.

"Haina," akasema Dokta.

"Meza je?"

Dokta akaitazama meza. Miguu minne.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Samani haihamishwi kutoka chumba kimoja kwenda kingine bila maombi ya maandishi kwa ofisi, na ofisi ilikuwa inajulikana. Bi Vikombe alikwisha kaa chini, barua ikiwa kifudifudi mbele yake, anaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa kujifundisha: *Sisi wafanyakazi wa maabara tunaomba meza ya vipimo ihamie chumba cha pili, na sahani zitulie nusu saa kabla ya kupimwa, na kiyoyozi kibaki kilipo.* Maneno ya mwisho akayakoleza. Karatasi ikapita mlango kwa mlango kama ile ya zamani, ikarudi kabla ya saa sita.

Bi Vikombe akahesabu. Kumi na tatu. Akamtazama Mama Sabuni.

"Sijaweka ya mume wangu!" Mama Sabuni akajitetea. "Safari hii nimeacha."

Dokta akachomoa kalamu moja kati ya tatu zake, akainama, akaweka sahihi ya kumi na nne. Nyuma ya karatasi hiyohiyo, upande wa pili, mstari aliomtengea Bi Vikombe ulibaki mtupu.

Hawakungoja jibu la ofisi. Lilifika wiki tatu baadaye, likisema suala linashughulikiwa. Mchana uleule wa Jumatano walikuwa wamekwisha ishika meza pembe nne: mlinzi, mtunza stoo, Mama Sabuni, na Dokta mwenye mikono ya shati iliyokunjwa, akirudi nyuma kinyumenyume kupitia mlango. Bi Vikombe alitangulia na sahani mbili kifuani, akiongoza.

"Kushoto! Inua! Dokta, wewe ndiye unayevuja upande huo, inua!"

Na nyuma yao, chumba kikiwa wazi na bila meza, mahali pa kusimamia chini ya kiyoyozi palikuwa sasa pana vya kutosha watu wanne.